Kambi ya Kuchagua

Kwa siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, Raymundi alikuwa mtu mwenye hiari, na hiari ilimkaa mwilini kama koti la kuazima: mabega yalijaa, mikono ikapwaya. Wanaume wengine zaidi ya mia waliolala katika banda la kungojea gari, karibu na stesheni ya Tabora, walikuwa wamekwisha kugawiwa mashamba ya katani kama viazi vinavyogawiwa magunia. Raymundi hakugawiwa. Raymundi aliulizwa.

"Wewe una mke na watoto," karani Lugembe alimwambia, kalamu ikiwa sikioni. "Imekuja amri mpya. Mwenye familia achague kambi mwenyewe. Ziko tatu zinazotaka familia, zote upande wa pwani. Chagua, baba. Gari Alhamisi."

"Na kwa nini tuulizwe sisi?" Pelagia, mkewe, aliuliza. Alikuwa amempakata Tekla, mtoto wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu. Josepha alishika kanga yake upande mmoja na Dionis alisimama upande wa pili, akijifanya mkubwa.

Karani alimjibu Raymundi, kana kwamba ndiye aliyeuliza. "Kampuni imegundua kwamba mwenye mke hatoroki. Kapera akichoka huruka dirishani. Mwenye mke atarukaje na vyungu?" Akacheka peke yake, maana kichekesho kilikuwa chake.

Kisha akazieleza kambi zile kama mtu anayewaalika wageni waende kutembea. Ya kwanza iliitwa Kambi ya Mlimani: hewa safi, mbu wachache. Ya pili Kambi ya Relini: gari la Tanga hupita mlangoni, na dresa wa dawa yupo kila siku. Ya tatu Kambi ya Mikoko. Kwa hiyo ya tatu hakutumia maneno mengi. Alielekeza kalamu ukutani, palipobandikwa picha iliyoletwa na kampuni: nyumba nyeupe zimepangwa mstari, mnazi mmoja umeinama kwa adabu, na nyuma yake maji, maji matupu, ya samawati, mpaka mwisho wa karatasi.

"Ndiyo bahari hiyo?" Raymundi aliuliza.

"Sasa ulidhani bwawa la Igombe?"

Raymundi aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa. Hapa inafaa ijulikane kwamba mtu huyu, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, aliyebatizwa Kipalapala, mwenye jembe lake na mke wa ndoa ya kanisani, alikuwa bado hajawa mwanamume kamili. Si maneno yangu, ni maneno ya mkwewe, mzee Bundala. Bundala alikwenda pwani angali kijana, mzigo wa pembe begani, siku sabini na mbili kwa miguu, akaoga maji ya chumvi Bagamoyo, akarudi amevaa shuka jipya, na tangu siku hiyo hakuacha kurudi. Kila penye mtungi wa pombe alikuwa akirudi. "Zamani," alikuwa akisema, huku akimtazama Raymundi juu ya kata, "asiyeonja bahari hakupewa mke. Siku hizi mapadri wanawapa hata wasiojua chumvi inatoka wapi."

Kazi ya karanga za Wazungu kule Urambo ilipokwisha na kodi ikabaki palepale, Raymundi alisema anakwenda katani. Alisema ni kwa ajili ya kodi. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya mchana, ya kusemwa mbele za watu. Ile nyingine ilikuwa imebandikwa pale ukutani, ya samawati.

Hakuchagua siku hiyo. Alitaka kwanza aonekane akifikiri.

Mpishi wa banda aliitwa Saidi, Mzigua, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyokuwa nyeupe nadhani enzi za Wajerumani. Na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, walipokuwa wakipita nchi ya wenzao na mizigo yao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadi kwa bibi yako, kukunyang'anya kuku, na kudai fidia juu ya maiti yako, na wewe una ruhusa hiyohiyo kwake. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

"Njooni, mizigo yangu!" Saidi aliwaita asubuhi ya Jumanne, akikoroga pipa la uji kwa mwiko mrefu kama kasia. "Njooni mle. Mnyamwezi akinifia hapa nani atanibebea pembe?"

"Uji huu umepika au umeoshea miguu?" Raymundi alimuuliza, akinyoosha bakuli.

"Nimeoshea miguu ya mjomba wako. Ndiyo maana una ladha."

Watu wakacheka. Raymundi akanogewa, toka Jumatatu alikuwa akitafuta mahali pa kuionyesha hiari yake. Akapaza sauti ili foleni nzima isikie.

"Mtani, mimi nimeambiwa nichague kambi. Si kama hawa wanaopelekwa kama mbuzi. Wewe ni wa huko huko. Haya, nakupa heshima: nichagulie."

"Nikuchagulie wewe? Nitachagua kaburi, na hilo nalo nitaliomba kwanza msamaha." Saidi alikuwa anakoroga bila kutazama pipa. "Lakini sikia. Ukienda Mlimani, kuna ukungu. Mnyamwezi akiamka na ukungu hudhani amekwisha kufa, huanza kuungama dhambi mbele ya mnyapara."

"Ee! Waambie!"

"Relini maji ni matamu na dawa ipo. Taabu yake ni moja: gari likipiga honi usiku, Wanyamwezi wote huamka wakajitwisha vitanda wakaanza safari."

Kicheko kiliruka foleni kutoka mbele hata nyuma. Raymundi alifuta machozi. "Na Mikoko? Sema na Mikoko, mtani. Huko kwenye bahari."

Saidi aliwatazama watoto waliokuwa kivulini. Mwiko ukasimama.

"Mikoko usiende na watoto," alisema. "Maji ya kisima ni ya chumvi. Matamu huletwa kwa kitoroli cha reli mara mbili kwa juma, na hayatoshi. Watoto wanaharisha. Mwaka juzi nilikuwa mpishi huko. Nimezika watoto kumi na mmoja wa Kinyamwezi, mimi mtani wao, kwa mikono hii."

Watu walingoja mwisho wa kichekesho. Kisha mtu mmoja nyuma akapiga yowe: "Kumi na mmoja! Timu kamili!"

"Walicheza na nani?" mwingine akadakia.

Hapo banda zima likapasuka. Walicheka mpaka bakuli zikamwagika.

"Jamani, hili si utani," Saidi alisema.

Raymundi alijipiga paja. "Mnamwona? Mnamwona? Hapo ndipo mtani anapokuwa fundi! Babu yangu alipokufa, mtani mmoja aliapa kwa jina la Mungu kwamba marehemu amekwenda na jembe lake. Akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka tukampa mbuzi. Na alikuwa akilia machozi! Machozi ya kweli!"

Saidi akavua kofia. "Wallahi, ndugu yangu, nakuambia..."

"Apa tena!" wakaimba, wakipiga makofi. "Apa tena, Mzigua, apa tena!"

Harufu ya kuungua ilitoka kwenye pipa. Pelagia, aliyekuwa ameketi na watoto penye kivuli cha ukuta, aliisikia kabla ya wote. Wengine walimtazama Saidi usoni, na uso wa mtani hausomeki. Yeye alitazama mkono. Mpishi wa miaka mingi aweza kuchekesha, kutukana, hata kusali, mkono ukaendelea kukoroga. Mkono wa Saidi ulikuwa umesahau uji.

Alimfuata baadaye, alipokuwa akisugua pipa kwa mchanga.

"Shikamoo, kaka. Yale ya watoto ni kweli?"

Saidi hakumwita mzigo wala hakumtajia miguu ya mjomba wake. "Marahaba, dada. Ni kweli. Mwambie mumeo. Mimi kwake sina kinywa cha kweli. Nilikitupa siku nilipozaliwa Mzigua." Akasugua. "Ningekuwa Mhaya angenisikia."

"Nimfuate mtani?" Raymundi alisema. Ilikuwa Jumatano, wameketi nyuma ya banda, Pelagia akichambua mchele wa posho, na sauti zao zilikuwa za watu wanaogombana wasitake kusikika. "Nikifika nyumbani baba yako akaniuliza, nimwambie nilichaguliwa kambi na Mzigua mpika uji?"

"Baba yangu hatakunywa maji ya kisima kile. Watakunywa hawa."

"Kila kisima kina maneno yake. Hata kwetu Itetemia waliokuja kututembelea walisema maji yetu yana matope. Umekufa?"

"Baba Dionis, Tekla tumbo lake ni bovu. Unalijua. Relini kuna maji na dawa. Umesikia mwenyewe, hata katika yale matusi."

"Na bahari iko wapi Relini?"

Pelagia aliacha kuchambua. "Tunakwenda kufanya kazi au kwenda kuoga?"

Lilikuwa swali zuri, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Angeuliza swali baya, Raymundi angepata pa kulijibia. Swali zuri kutoka kwa mke, tena binti Bundala, lilimwingia kama mwiba, na mtu aliyechomwa hasikilizi, hutazama nani amemwona akichomwa. Wanaume wawili waliokuwa wakicheza bao walikuwa wamesimamisha kete. Mmoja akasema, si kwa nguvu: "Kumbe mwenye kuchagua ndiye huyu mama."

"Ndiyo hivyo," akajibu mwenzake. "Bwana kazi yake kubeba."

Raymundi aliinuka, akapangusa suruali, akaenda ofisini. Pelagia akamfuata, mtoto mgongoni, mchele ukabaki na kuku wa stesheni.

"Shikamoo, bwana karani," Pelagia alisema kabla mumewe hajafungua kinywa. "Mimi naomba Relini. Mtoto wangu ni mgonjwa wa tumbo."

Lugembe alitafuta jina katika daftari, akalipata, akaweka kidole. "Raymundi, mke mmoja, watoto watatu." Akainua macho. "Mama, jina lako silioni."

"Mimi ndiye huyo mke mmoja."

"Ndiyo. Lakini mke haandikwi, mama. Mke anahesabiwa." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Akamgeukia Raymundi, kalamu tayari. "Haya, baba. Ni ipi?"

Mlangoni wale wawili wa bao walikuwa wamekwisha kufika, na wengine nyuma yao. Raymundi aliwaona. Alimwona na Tekla pia, mkono wake mdogo umetoka kwenye mbeleko, ukishika hewa. Kuna wakati mmoja, mfupi kama wa kumeza mate, ambapo neno Relini lilifika kabisa ulimini mwake. Wale mlangoni wakakohoa.

"Mikoko," alisema.

"Bahari," karani alisema, akitabasamu kwa kumpongeza. Akasukuma kibweta cha wino. Raymundi akatia dole.

Gari liliwabeba mpaka Morogoro kwa njia ileile ya misafara ya kale, mambo ya siku sabini na mbili yakaisha kwa siku moja na nusu, na Raymundi alikuwa akichungulia kila stesheni akiwatajia watoto majina ya makambi ya zamani aliyoyasikia kwa mkwewe. Kutoka Morogoro walipanda lori. Katika lori hakuna aliyetaja jina lolote, walitapika.

Walifika Mikoko siku ya Jumapili mchana. Nyumba nyeupe zilikuwepo, kampuni haikudanganya, ila chokaa ilipigwa upande unaotazama barabara tu. Mnazi pia ulikuwepo. Raymundi aliteremka, akazunguka nyumba ya mwisho, akasimama. Mbele yake palikuwa na tope jeusi, na juu ya tope miti imesimama kwa mizizi yake kama watu waliokunja nguo wasilowe, na miti ikaendelea mpaka macho yakachoka.

"Bahari iko wapi?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa akianika nguo. Aliitwa Mwamvita, mke wa mkata katani wa chumba cha jirani.

"Iko nyuma ya mikoko, baba."

"Mbali?"

"Sijui. Sijawahi kumwona mtu aliyefika akarudi kusema." Akabana nguo ya mwisho. "Lakini usijali, maji yake yanakuja yenyewe. Yapo kisimani."

Raymundi alikwenda kisimani, akateka, akaonja. Hivyo ndivyo alivyoonja bahari.

Kazi ilikuwa kukata majani ya katani na kuyafunga matita sabini kwa siku, kila tita majani thelathini, na ncha zake hazichagui jicho wala kidole. Aliyemaliza alitiwa alama moja katika karatasi yake ya kipande. Alama thelathini ni kipande kimoja, na mkataba wa Raymundi ulikuwa vipande kumi na viwili. Ukiumwa, hupati alama. Mvua ikinyesha, hupati alama. Tita likipungua jani moja, mnyapara hulipiga teke, na hupati alama.

Kazi ya Pelagia haikuwa na karatasi. Kitoroli cha maji matamu kilikuja Jumatano na Jumamosi, na wanawake walikingojea toka alfajiri kwa madebe yaliyopangwa mstari. Debe moja kwa chumba. Kwanza alipewa mnyapara, halafu karani, halafu wa jikoni kwa Bwana meneja, halafu foleni. Siku moja Pelagia alifikiwa na zamu tanki likiwa linakohoa. Akapata nusu debe na kutu. Mke wa mnyapara, aliyekuwa akiosha sufuria kwa maji yaleyale, alimwambia: "Wanyamwezi mmezoea jangwa, nusu itawatosha."

"Wewe ni Mzigua?" Pelagia aliuliza.

"Mimi? Mimi Myao."

"Basi huna ruhusa ya kusema hivyo," Pelagia alisema, akajitwisha debe lake.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mtoto wa Mwamvita alikufa, kwa siku mbili, kama taa inayoishiwa mafuta. Raymundi alikuwa mmoja wa waliochimba. Makaburi yalikuwa yamepangwa mstari, kama nyumba, na mengi yalikuwa mafupi. Hakuyahesabu. Aliposhika jembe alitazama udongo tu, na aliporudi nyumbani hakuweza kula.

Tekla alianza wiki iliyofuata. Alihara majimaji, halafu akaacha kulia, na kule kuacha kulia ndiko kulikomtisha mama yake. Dresa alikuwa akija Ijumaa kwa baiskeli. Alimpa unga wa dawa uliofungwa katika karatasi, akasema: "Mchanganyie katika maji safi."

"Yako wapi?" Pelagia aliuliza.

Dresa alikuwa kijana mwungwana. Aliinama akafunga kamba ya kiatu chake.

Jumamosi Raymundi alikwenda ofisi ya kambi. Kwa ajili hiyo alivaa suruali yake ya kanisani, akanyoa, akakaa nje ya mlango saa tatu, na karani wa kambi, kijana aitwaye Ngollo, alipomwita, alivua kofia kabla ya kuingia na akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Naomba uhamisho, bwana. Relini. Kampuni ni moja. Nitakata matita themanini badala ya sabini. Mtoto anakwisha."

Ngollo aliyatafsiri yale maneno kwa Bwana meneja, aliyekuwa meza ya nyuma akitazama barua. Bwana alisema maneno machache bila kuinua kichwa. Hakuwa na hasira. Ngollo akatoa jalada, akafungua ukurasa, akaugeuza ili Raymundi aone.

"Bwana anasema hivi. Watu wengine kambini hapa walipelekwa tu. Mtu aliyepelekwa akilalamika, kampuni yaweza kufikiri labda ilikosea. Lakini wewe una karatasi ya hiari. Tazama. 'Amechagua mwenyewe, mbele ya karani, baada ya kuelezwa kambi tatu.' Hili hapa dole lako?"

Raymundi alilitazama dole lake. Lilikuwa limetoka vizuri sana, kila mstari.

"Ni lako?"

"Ni langu."

"Basi ukimaliza vipande kumi na viwili utachagua tena."

Pelagia alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kizingitini, Tekla mapajani, akimtia tone tone la maji ya uji kwa ncha ya kidole.

"Ukitoka bila ruhusa wanafanyaje?" aliuliza.

"Polisi. Ni mkataba. Wanakurudisha umefungwa kamba, na kipande kinaanza upya."

"Wewe."

"Mimi, ndiyo."

"Na mimi?"

Raymundi hakuelewa. Au alielewa, akataka kupewa nafasi ya kutoelewa.

"Mimi sikutia dole," Pelagia alisema.

Alikwisha kuuliza kila kitu kwa Mwamvita. Maili kumi na mbili kwa njia ya kitoroli, mpaka inapokutana na reli ya Tanga, kisha mkono wa kushoto. Maji yapo, ya bomba. Dresa yupo kila siku. Ila kuna jambo moja, Mwamvita alikuwa amesema, huku akikunja nguo za mtoto ambazo hazikuwa na mwenyewe tena: "Huko chumba huandikwa kwa jina la mwanamume. Na posho pia. Mwanamke asiye na jina halali ndani hata usiku mmoja. Unanielewa, dada?"

"Nimekuelewa."

"Na dawa vilevile. Dresa huuliza, mtoto wa nani."

"Basi litatafutwa jina," Pelagia alikuwa amejibu, na Mwamvita hakumtazama.

Sasa Raymundi naye hakuhitaji kuelezwa. Wanaume wote kambini walijua mambo ya Relini. Walikuwa wakiyacheka wakati wa kufunga matita. "Mama Dionis," alisema, "wewe ni mke wa ndoa. Ya kanisani."

"Ndiyo."

"Padri atasema nini? Baba yako atasema nini?"

"Baba atasema ulifika pwani." Alimfunga Tekla mgongoni, mara ya kwanza, akafungua, akamfunga tena vizuri zaidi. "Dionis, chukua sufuria. Josepha, njoo."

Dionis alimtazama baba yake. Raymundi angeweza kusema neno. Angeweza kusimama mlangoni, mlango ulikuwa mwembamba na yeye alikuwa na mabega. Lakini angemzuia Pelagia ampe nini? Alisogea pembeni, na kusogea kule ndiko uchaguzi wa pili aliowahi kuufanya maishani mwake. Wa safari hii haukuandikwa popote.

Waliondoka mchana, mbele za watu, bila kujificha. Mnyapara aliwaona akawahesabu kwa macho. Wote walikuwa watu wasioandikwa. Akaendelea kusukutua kinywa.

Tekla alipona. Hilo lisemwe, ili mtu asidhani nimesimulia kisa kizima kwa ajili ya kaburi. Alipona katika majuma matatu, kwa maji ya bomba na dawa, katika chumba namba kumi na nne kilichoandikwa kwa jina la fundi mmoja wa korona, ile mashine ya kukamua katani, mtu mzima, mgane, asiyepiga. Kwenye daftari la dresa aliandikwa mtoto wa fundi huyo. Dionis hakukubali kuitikia jina jipya, mama yake akamchapa kidogo, si sana, akaitikia.

Habari zilimfikia Raymundi kwa madereva wa kitoroli, ambao huleta maji kidogo na habari nyingi. Alikuwa amefika kipande cha tatu, alama ya kumi na tisa. Wenzake waliacha kumtania wakati wa kufunga matita, na hiyo ndiyo iliyomuuma, maana kuachwa kutaniwa ni dalili kwamba watu wamekwisha kukuhurumia.

Kwa kawaida jikoni ndiko kulikotoa posho, bila maswali. Jumamosi moja Ngollo mwenyewe alikuja na meza, mizani na daftari, kwa kuwa unga ulikuwa umeanza kupungua kuliko vichwa. Aliita chumba kimoja kimoja. Foleni ilikuwa ndefu. Mwamvita na mumewe walikuwa ndani yake, na wale waliochimba makaburi, na mke wa mnyapara na sufuria yake.

"Raymundi!"

Raymundi alitoka mbele, gunia tupu mkononi.

"Mke mmoja, watoto watatu," Ngollo alisoma. Kalamu ikasimama juu ya karatasi, tayari kupiga mstari au kupiga alama. "Wapo?"

Foleni nzima nyuma yake ilijua walikokwenda. Mtu mmoja alianza kukohoa, akajizuia.

"Wapo," Raymundi alisema.

Ngollo alimtazama, akatazama foleni. Hakuna aliyesema neno. Akatia alama, na kata ikashuka ndani ya unga mara tano, na kila iliposhuka Raymundi alilifungua gunia zaidi kidogo, ili waingie wote.